Muhogo wako unaumwa nini? Anza na pingili uliyoipanda

Muhogo hatupandi punje. Tunakata mti, tunafukia kipande chake, na ndiyo maana mkulima akikuomba "mbegu" ya muhogo anaomba fimbo. Hapo ndipo penye uzuri wa zao hili na hatari yake. Pingili ikitoka kwenye mti wenye virusi, virusi vimo ndani yake siku unayoifukia, na hakuna dawa ya kunyunyiza, ya kuchovya wala ya kupaka itakayovitoa.

Mimi nilijifunza kwa ekari nzima kule Mkuranga. Jirani yangu, mama wa makamo ambaye shamba lake lilikuwa limesimama vizuri kuliko yote njiani kwetu, alinikatia mashina bila kutaka hata shilingi. "Chukua mwanangu, mbegu ya muhogo hainyimwi mtu," aliniambia. Nikapanda masika, nikapalilia mara tatu, miti ikapanda juu kunipita. Mwezi wa kumi na moja tangu kupanda nikang'oa shina la kwanza: mihogo minene, ngozi safi. Nikamkatia mke wangu kipande, akanirudishia. Ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Shina la pili, hivyohivyo. Nilirudi kwa yule mama, nikamwamkia, nikamwomba tung'oe mti mmoja wa kwake. Hakuwa ameng'oa bado. Tulipokata tulikaa kimya wote wawili.

Hakunifanyia ubaya. Miti yake ilionekana mizima na yangu ilionekana mizima. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama muhogo kwa kurudi nyuma: naona dalili, halafu najiuliza imetoka kwenye pingili au imeingia baadaye. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utang'oa mti mmoja, utasubiri mvua, au hutakata mbegu kabisa kwenye shamba hilo.

Pingili hazikuota, au zimeota moja hapa moja kule

Fukua zile zilizolala, uzitazame. Usikisie ukiwa umesimama.

Ukikuta pingili kavu, nyepesi, gome limenywea, ilikufa kabla ya kupandwa. Pingili hai ukiikata upya hutoa utomvu mweupe papo hapo; ukichelewa kutoka, au usipotoka, itupe. Ndiyo maana kila fungu la mashina nakata vipande kadhaa vya majaribio kabla ya kulipa.

Ukikuta imeoza, laini, huenda ilikuwa ya ncha ya mti, sehemu ya kijani ambayo haijakomaa. Sehemu hiyo hukauka haraka kwenye jua na huoza haraka kwenye maji. Ya chini kabisa nayo, ngumu kama kuni, huchelewa kuchipua. Mbegu nzuri ni ya katikati ya mti wa miezi 8 hadi 12, unene wa dole gumba au zaidi kidogo, urefu wa sentimita 20 hadi 30, yenye macho 5 hadi 7. Kata ukaangalie moyo wake: ile sehemu laini nyeupe ya katikati isizidi nusu ya upana wa shina. Ikizidi, mti bado mchanga.

Ukikuta imetobolewa na ndani imejaa udongo, ni mchwa. Wengine huchovya pingili kwenye majivu. Kwangu kilichosaidia zaidi ni kuacha kupanda kwenye udongo mkavu nikingojea mvua, kwa sababu pingili inayokaa ardhini wiki mbili bila kuchipua ni chakula kilichoandaliwa. Panda udongo ukiwa umeshalowa, na pingili ziwe zimekatwa siku hiyo au jana yake.

Na ukikuta ni nzima lakini chipukizi limejipinda likitafuta njia, umeipanda kichwa chini. Hili huwapata hata wazoefu wakiwa na haraka, hasa vibarua wanapokatiwa lundo moja. Angalia kovu la jani kwenye shina: jicho hukaa juu ya kovu. Kovu likiwa juu na jicho chini, geuza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hulipita. Shina likiwa na utando wa magamba madogo meupe, kama limepakwa chokaa, hao ni wadudu wanaonyonya. Pingili za namna hiyo huota kwa shida na zikiota huwa dhaifu. Hazifai kupandwa.

Majani machanga yamejikunja na yana mabaka ya njano

Hii ndiyo batobato, na pengine ndiyo dalili inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki nzima. Maelezo yake ya kwanza kuchapishwa yaliandikwa mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, na ugonjwa wenyewe aliuona huku kwetu, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jani linakuwa na mabaka ya kijani kilichopauka au njano yaliyochanganyika na kijani cha kawaida, linapinda upande mmoja, linakuwa dogo, vidole vyake havilingani. Mti unadumaa. Ukiung'oa, mihogo ni michache na myembamba, lakini ndani ni misafi. Batobato haiozeshi muhogo, inakunyima muhogo.

Sasa soma mti kutoka chini kwenda juu, kwa sababu hapa mti wenyewe unakwambia ugonjwa ulipitia mlango gani. Kama mabaka yameanza na majani ya kwanza kabisa yaliyochipua, na yanaendelea hadi juu, ugonjwa ulikuja na pingili. Kama majani ya chini ni safi na mabaka yameanzia katikati au juu, umeletwa na nzi weupe baada ya kupanda. Inua jani changa taratibu uangalie mgongo wake asubuhi kabla ya jua kali. Utawaona, wadogo, mabawa meupe, wakiruka ukigusa.

Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Ukiona miti 10 kati ya 100 imeanza na ugonjwa kutoka chini, ing'oe mapema, katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo, ujaze mapengo kwa pingili safi. Usiiache "ikue kwanza tuone". Kila siku inayokaa shambani ni kituo cha nzi weupe kuchukua virusi na kuvipeleka kwa jirani yake. Lakini ukiona karibu miti yote imeanza juu, shambani kwako au kwa jirani kuna chanzo kikubwa na nzi ni wengi; kung'oa hakutakuokoa msimu huo. Hapo lea shamba upate chakula, na usikate mbegu humo.

Ukali wa batobato haulingani. Uganda iliona sura mbaya zaidi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, pale virusi viwili vya batobato vilipochanganya vinasaba na kuzaa aina mpya. Mti ulioambukizwa aina hiyo pamoja na ile ya zamani ulibaki kama kijiti. Wakulima katika wilaya nyingi waliacha muhogo kabisa. Ugonjwa ulivuka kuingia magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Kilichorudisha muhogo mashambani ni aina zinazovumilia, zikisambazwa kwa pingili.

Kabla hujaita kila jani bovu batobato, ondoa hawa wanaofanana nayo:

Utitiri wa kijani hukaa majani machanga vilevile, lakini alama zake ni vidotidoti vya njano vidogo mno, kama jani limechomwa kwa ncha ya sindano. Majani ya ncha hupungua, hudondoka, na ncha hubaki imesimama kama mshumaa. Huja kiangazi. Mvua ikinyesha, mti hutoa majani mapya safi, jambo ambalo batobato haifanyi kirahisi.

Kidung'ata hujulikana kwa unga mweupe wa nta na ncha iliyobanana kama kabichi ndogo. Mdudu huyu aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini, akaonekana mara ya kwanza eneo la Kongo mwaka 1973, akatishia chakula cha mamilioni. Alidhibitiwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka hukohuko alikotoka, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nalitaja kwa sababu moja: ukimwaga sumu ovyo kwenye muhogo unawaua kwanza hao nyigu wanaokufanyia kazi bure. Kidung'ata husafiri kwenye pingili pia, na kwa yeye tofauti na virusi, pingili hutibika: kuzichovya kwenye maji ya nyuzi 52 za Selsiasi kwa dakika 5 hadi 10 huua wadudu walioko juu ya gome.

Upungufu wa zinki huleta mistari ya njano au nyeupe katikati ya mishipa ya majani machanga. Ila pande mbili za jani hufanana, na miti yote ya eneo hilo huonyesha kitu kilekile. Ugonjwa hauna nidhamu hiyo. Huu huruka mti huu ukashika ule.

Majani ya chini yana njano inayofuata mishipa, ila hayajapinda

Hapa tafadhali soma polepole, kwa sababu huu ndio ugonjwa ulioniibia ekari yangu.

Michirizi kahawia haianzi juu. Angalia majani yaliyokomaa, ya chini na ya katikati. Njano hutambaa kando ya mishipa midogo kama unyoya, au hukaa kwa mabaka yasiyo na mpaka mkali. Jani halijikunji, halidumai. Ukubwa wake ni wa kawaida. Kwa mpita njia huo ni muhogo mzuri tu unaozeeka. Jani linalozeeka kwa kawaida hugeuka njano lote sawasawa kisha hudondoka. Mti wenye njaa ya naitrojeni nao hupauka sawasawa kuanzia chini. Michirizi kahawia huacha njano na kijani vikichanganyika kwenye jani lilelile.

Kisha tazama shina, sehemu ya kijani karibu na ncha. Unaweza kukuta michirizi au madoa ya kahawia-zambarau, na wakati mwingine ncha imekufa. Jina la ugonjwa limetoka hapo. Lakini si kila mti huonyesha shina, si kila mti huonyesha jani, na kiangazi majani yenye ushahidi huwa yamekwisha kudondoka. Sisi hukata mbegu lini? Mwishoni mwa kiangazi, tukijiandaa na mvua. Tunachagua mti wakati umeshavua nguo zenye alama. Ndivyo mimi na yule mama tulivyodanganyika.

Ugonjwa huu si mgeni. Mtafiti H. H. Storey aliuelezea mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ilidhaniwa ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, usiopanda juu ya mita 1,000. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana Uganda, juu ya kimo hicho, kisha ukaenea ukanda wa maziwa. Nzi weupe ndio wabebaji, lakini virusi hivi hawakai navyo muda mrefu. Huvipeleka karibu, mti kwa mti, shamba kwa shamba. Safari ya kilomita mia mbili hufanywa na sisi, kwa pikipiki na kwa lori lililojaa mashina.

Swali ninaloulizwa sana: "Nimepanda Kiroba, inakuwaje ikaugua?" Kiroba ni aina ya muhogo inayovumilia. Kuvumilia maana yake virusi huingia, ila madhara kwenye muhogo huchelewa na huwa madogo. Ukikata pingili kwenye mti uleule ulioambukizwa, mwaka hadi mwaka, unarundika ugonjwa hata ndani ya aina nzuri. Kituo cha Amani kilianza kuzalisha miti inayostahimili tangu miaka ya 1930, kwa kuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará. Mti mmoja wa uzao huo unalimwa hadi leo: Tanzania tunauita Namikonga, Kenya ni Kaleso. Unastahimili michirizi kahawia kuliko karibu yote. Kwa upande mwingine, aina iliyosifiwa kwa kushinda batobato, kama Mkombozi wa Kanda ya Ziwa, inaweza kushindwa vibaya na michirizi kahawia. Kwa hiyo ukiuliza mbegu usiulize tu "inastahimili magonjwa?" Uliza ugonjwa gani.

Muhogo umebadilika rangi ndani

Kuna hali tatu, na nimeona watu wakizichanganya sokoni hadi wakagombana.

Mabaka ya kahawia au manjano-kahawia, makavu na magumu, ambayo unayaona saa ileile unapong'oa, ni michirizi kahawia. Mara nyingine muhogo wenyewe hubanwa kiunoni kama umefungwa kamba. Kata vipande kadhaa kwa urefu wake, maana ncha moja inaweza kuwa nyeupe na ya pili imeharibika.

Mistari ya bluu-nyeusi inayotokea siku ya pili au ya tatu baada ya kuvuna si ugonjwa wa shambani. Muhogo wowote hufanya hivyo ukikaa, hasa ukijeruhiwa na jembe. Pingili zake hazina hatia.

Muhogo laini, wenye maji na harufu, ni kuoza kwa mizizi kutokana na udongo unaotuamisha maji. Panda kwenye matuta msimu ujao, au hama bonde hilo.

Majani yana madoa yenye kona, kisha mti unanyauka kutoka juu

Inua jani ulielekeze kwenye jua. Madoa ya mnyauko bakteria huonekana kama yamelowa maji, na kingo zake zina pembe kwa kuwa mishipa ya jani huyazuia kuenea. Baadaye jani huungua na kunyauka likiwa bado limeshika mti, shina changa hutoa gundi, na ncha hufa. Ukichana shina utaona nyuzi za kahawia ndani. Huja na mvua, husambazwa na matone, na panga lako husaidia.

Futa panga kwa maji ya jiki unapotoka mti mmoja kwenda mwingine wakati wa kukata mbegu. Usipande muhogo hapo mara moja. Weka mahindi au kunde angalau msimu mmoja, na hakikisha hakuna vipande vya zamani vinavyochipua vyenyewe.

Unataka kukata mbegu kwenye shamba lako mwenyewe

Fanya kazi hii mara mbili. Ya kwanza, majani yakiwa bado mengi, mti ukiwa na miezi mitano au sita: tembea mstari kwa mstari, funga kitambaa kwenye mti usio na alama juu, katikati wala chini. Simu ikiwepo, programu ya Nuru ya PlantVillage inasaidia. Unaielekeza kwenye jani, inatambua batobato, michirizi kahawia na madhara ya utitiri wa kijani, na hufanya kazi bila intaneti. Mimi huitumia kama jicho la pili. Majani ya chini bado nayapekua kwa mkono.

Ya pili, siku ya kuvuna: ng'oa mti wenye kitambaa, kata mihogo yake yote, yote kabisa, vipande kwa vipande. Ukikuta baka moja la kahawia, shina hilo si mbegu, hata kama ni refu na zuri. Mihogo ikiwa myeupe yote, weka shina kando. Usikate shina kabla hujakata muhogo wake.

Mvua ikiwa bado, simamisha mashina wima kivulini, matako yake yafukiwe kidogo kwenye udongo wenye unyevu, usiyakate pingili mpaka siku ya kupanda. Yakilala juani wiki moja tu umepoteza mengi.

Na shamba zima likiwa limeshaugua michirizi kahawia? Vuna mapema, miezi 8 au 9, kabla kuoza hakujaenea ndani. Ondoa sehemu mbovu, zinazobaki menya ukaushe makopa. Mashina yachome. Usiyatupe pembeni mwa shamba, yatachipua hapohapo na kuwa ghala la ugonjwa. Kisha tafuta mbegu kwa mzalishaji aliyekaguliwa. Tanzania ukaguzi hufanywa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na mzalishaji halali hukuonyesha cheti bila kuombwa mara mbili. Vituo vya utafiti kama Naliendele na Ukiriguru nao ni pa kuuliza.

Kama fedha haitoshi kununua mbegu ya ekari nzima, ambayo kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inataka pingili kama 4,000, nunua chache. Mimi na yule mama tulichanga tukanunua pingili 200. Tulizipanda kwenye kiwanja cha ndugu yake, mbali na muhogo wowote, tukawa tunapokezana kuzikagua kila Jumamosi, na tuling'oa miti mitatu. Mwaka uliofuata kila mti ulitupatia pingili zipatazo kumi. Ilitosha karibu nusu ekari: robo kwake, robo kwangu.